Jicho la Kupigia Simba

Nyinyi vijana wa studio za Busia na Tororo mmenisumbua tangu nilipofunga mlango wangu mwezi uliopita. Kila mmoja anakuja na soda mkononi, anakaa, anasema, Mama Nabwire, tuandikie mambo ya zamani. Haya, naandika. Lakini msitegemee niwasimulie nilivyopanda cheo, kwa sababu sikupanda, wala nilivyokuwa mtu mpole mwenye subira, kwa sababu wapo wengi bado hai wa kunikanusha. Nilianza kazi hii mkaidi na nimestaafu mkaidi. Kama kuna aliyetegemea uzee utanilainisha, pole yake.

Nilitoka kwetu Busia, upande wa Uganda, nikaenda Tororo kutafuta kazi ya kufagia. Wakati huo Mwingereza alikuwa anatawala pande zote mbili za mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa boriti ya mti na askari mmoja mwenye usingizi. Studio niliyoipata ilikuwa kwenye mtaa wa maduka ya Wahindi, mahali ambapo ukiinua macho unaliona lile jabali la Tororo. Mwenye studio aliitwa Bwana Lalji. Yeye alipiga picha za pasi za kusafiria na za polisi, alivaa tai, alipokea wageni. Kazi yenyewe ya chumba cha giza ilifanywa na mke wake, Mama Ratna, na mteja hata mmoja hakujua. Walimsifu Bwana Lalji kwa picha safi, naye alizipokea hizo sifa bila aibu.

Mama Ratna aliniuliza jina. Nikasema Nabwire. Akauliza lina maana gani, nikamwambia kwetu Usamia, huko Busia, ni msichana aliyezaliwa usiku. "Basi giza umelizoea," akasema, akaninyang'anya ufagio. Huo ndio mtihani wa pekee niliowahi kufanya katika kazi hii.

Siku hiyo hiyo aliniingiza ndani, akafunga mlango, akawasha taa ya mafuta yenye kioo chekundu. Palikuwa na sinia tatu za dawa na harufu kama ya siki iliyochacha. Akatumbukiza karatasi nyeupe kwenye sinia ya kwanza, akaitikisa polepole, na mimi nikaona jicho linatokea, kisha pua, kisha mtu mzima mwenye koti. Nilirudi nyuma nikagonga rafu. Mama Ratna hakucheka. Aliniambia nishike kibanio niendelee kutikisa. Nilipoharakisha alinigonga vidole kwa kibanio chake cha mti. Alikuwa na neno moja tu la kufundishia: "Picha haina haraka. Wewe ndiyo una haraka." Nyinyi wa leo mnaopeleka filamu kwa mashine na kuketi kungoja, hamjui vidole vyangu vilipata nini.

Maji ndiyo yalikuwa adui. Kiangazi kikiingia, maji ya Tororo yanakuja na mchanga, na punje moja ya mchanga ikikaa kwenye filamu mbichi, bibi harusi anapata tundu usoni. Tuliyachuja kwa sari kuukuu ya Mama Ratna iliyokunjwa mara mbili. Vumbi tulilipangusa kwa manyoya ya kuku. Na mbuzi, jamani! Picha zilianikwa uani kwenye kamba, na mbuzi anajua kuwa ule utando wa juu umetengenezwa kwa ngozi na mifupa iliyochemshwa. Mbuzi wa jirani alikula harusi nzima ya mwalimu mmoja, akabakiza shangazi. Bwana Lalji alimpelekea mwalimu yule shangazi, na ukweli ni kwamba mwalimu hakurudi tena.

Baada ya kama miaka miwili, Bwana Lalji alichoka na vumbi la vijijini, akanipa mimi kazi ya kuzunguka. Nilipewa kamera ya sanduku kubwa, ile ya kujifunika kitambaa cheusi, na miguu yake mitatu, na baiskeli ya kiume. Mwanamke juu ya baiskeli ya kiume! Kule Paya walisema nimebeba mzinga wa nyuki. Pale Busia askari wa boriti aliniuliza kuna nini ndani ya sanduku, nikamwambia aingize kichwa chini ya kitambaa aone mwenyewe. Aliona soko zima limepinduka, wanawake na mafungu yao ya samaki wamesimama kwa vichwa. Alitoka jasho linamtoka, na tangu siku hiyo aliniinulia boriti bila swali.

Nilipiga kila kitu. Nilipiga fahali, kwa sababu katika nchi ile mtu anapigwa picha kwa ajili ya fahali wake, si fahali kwa ajili ya mtu. Shikeni hili: ukimkata mtoto wa mzee kichwa kwenye picha utasamehewa, ukikata ncha ya pembe hutasamehewa. Nilipiga wanawake wanaopepeta nafaka ya wimbi, wazee kwenye mirija ya pombe, watoto wachungaji wenye aibu, mbwa wanaokataa kutulia. Na wanawake walinipenda. Mbele ya Bwana Lalji walikuwa wanakaza uso kama wanaona daktari. Mbele yangu waliuliza kwanza kama vazi la gomesi limekaa vizuri, wakanituma nirudi nyuma mpaka waridhike.

Kuhusu wakwe, nilikuwa na utaratibu wangu. Kwetu Usamia, na kwa Wapadhola wa Paya na Mulanda vilevile, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaketi pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini hadi mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, tena heshima nzito. Kwa hiyo kwenye sherehe nilipiga picha upande huu kwanza, nikabadilisha filamu, nikapiga upande wa pili. Kwetu kuwekwa kwenye karatasi moja ni kuketishwa kwenye mkeka mmoja. Hakuna aliyenifundisha hilo, kila mtu mwenye mama analijua.

Ndipo akaja mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Darubini. Jina lake halisi sitaki hata kulitaja. Alikuwa msafiri, anazunguka nchi na gari lake, anapiga picha za wanyama, za familia za watu na za mambo ya kila siku, halafu anakwenda kuwaonyesha watu wa kwao. Alikuwa na lenzi ndefu kama mchi. Ilikuwa ni lenzi ya kupigia simba na twiga, ili mtu akae mbali asiliwe. Sina neno na hilo, hata mimi simba ningempiga kwa mbali. Lakini alipotuzoea akaanza kutupiga sisi kwa jicho lilelile. Anapanda kwenye kichuguu au juu ya gari, anakutafuta ukiwa nyumbani kwako huna habari, anapiga, anaondoka. Haombi. Simba naye haombwi.

Kule Paya palikuwa na mama mmoja mjane, Mama Athieno, mteja wangu na mtu wa kanisani. Binti yake Athieno alikuwa ameolewa Mulanda na kijana aitwaye Ochwo. Siku Ochwo alipoleta ng'ombe wa mwisho wa mahari, mambo yalikwenda kwa adabu zote. Ochwo alisimama langoni na fahali, ameupa mgongo ua. Mama Athieno alikuwa mwisho kabisa wa boma, ghalani, amejitanda kitambaa, anapepeta wimbi na jirani yake, na jirani alimwambia jambo la kuchekesha, akacheka. Kati ya wawili hao ungeweza kucheza mpira. Lakini juu ya kilima, nyuma ya boma, alikuwa Bwana Darubini na mchi wake.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu nyinyi mna lenzi ndefu na mnazichezea. Lenzi ndefu inameza njia. Ukikaa mbali sana ukawavuta watu kwa lenzi hiyo, wale walio mbalimbali wanabanana kama samaki kwenye kikapu. Katika picha ya Bwana Darubini jirani hakuingia, na Ochwo na mama mkwe wake walikuwa bega kwa bega. Na Mama Athieno, kitambaa kimeteleza, alikuwa amemgeukia usoni, anacheka na meno yote nje.

Picha hiyo ilisafishwa na kukuzwa Nairobi, ikarudi kubwa kama mlango wa kabati. Ikatundikwa kwenye hema la picha, siku ya kwanza ya maonyesho ya kilimo pale Tororo, ikapewa utepe mwekundu. Chini yake paliandikwa kwa Kiingereza kwamba hii ni familia ya Kiafrika yenye furaha. Watu wa Mulanda walikuwa wameleta mafahali wao kwenye maonyesho. Waliingia hemani kupata kivuli, wakainua macho. Lo! Habari ilifika Mulanda kabla ya mafahali kurudi.

Athieno alikuja studio siku ya tatu asubuhi kwa miguu, na mimba yake ya kwanza imeshakuwa kubwa. Nilimpa kiti na maji. Alieleza taratibu, na mimi nilizidi kuwaka. Ukoo wa mumewe walikuwa wamesema mama yake amewadharau, na kwamba mtoto hawezi kuzaliwa salama katika nyumba yenye aibu kama hiyo. Maonyesho yakiisha, wazee watakaa, na wakithibitisha kosa, Athieno atarudishwa kwao. Mama yake alikuwa amejifungia ndani. Haendi kisimani, haendi kanisani, na ameapa hatakanyaga Mulanda hata binti yake akiwa kwenye uchungu.

"Dada Nabwire, mama hana kosa," akasema. "Alikuwa ghalani. Mimi nilikuwa hapo, niliona na macho yangu."

Nilimwambia najua. Aliniuliza najuaje na mimi sikuwapo, nikamwambia hiyo ni kazi yangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye maonyesho. Bwana Darubini alikuwa amesimama mbele ya picha yake, anapokea pongezi kama Bwana Lalji. Nilimwomba kwa heshima aitoe, nikamweleza habari ya wakwe, nikamweleza kuwa wale watu walikuwa mbalimbali na lenzi yake ndiyo iliyowaleta pamoja. Alinitazama kwa huruma. "Kamera hapana sema uongo," akaniambia, kwa kile Kiswahili chao cha jikoni. Nikaenda kwa mwenyekiti wa maonyesho, mzungu wa serikali, mtu mwenye masharubu na fimbo. Huyo alisema haoni ubaya wowote, kwani wote wawili wanaonekana wana furaha, na picha yenye utepe haitolewi mpaka maonyesho yaishe Jumamosi. Karani wake alinisindikiza nje akaninong'oneza kuwa mwenye nguvu mpishe.

Nimesikia methali hiyo maisha yangu yote, na kila mara anayeisema ni mtu ambaye tayari ameshapisha. Mimi nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Mtu anatupiga kwa jicho la simba, anatuweka pamoja anavyotaka yeye, halafu mama wa watu anafungiwa ndani kwa kucheka kwake mwenyewe, ghalani kwake mwenyewe! Nilirudi studio nikamweleza Mama Ratna kila kitu. Alisikiliza huku anakausha sinia. Kisha akafungua kabati, akatoa kitu kilichofungwa kwenye flana. Ilikuwa lenzi ndefu, iliyoachwa na mwindaji mmoja zamani ambaye hakurudi kuichukua. Mama Ratna alikuwa ameitengenezea kibao ikae kwenye kamera yetu, na hakuwahi kumwambia mumewe.

"Mimi sijui unakwenda wapi," akasema.

"Nakwenda kwenye maonyesho, Mama."

"Nimesema sijui."

Nilisimamisha kamera ng'ambo ya uwanja, karibu na barabara, mahali ambapo watu wote walionekana kama kuku. Wapita njia walidhani napima ardhi. Mke wa mwenyekiti, memsahibu mwenye kofia pana, alikuwa kwenye meza ya maua akigawa zawadi. Mbali sana nyuma yake, kwenye zizi, Bwana Darubini alikuwa anatazama ng'ombe wa maziwa. Nilihamisha miguu ya kamera kidogo kidogo mpaka wakaja kwenye mstari mmoja. Nikalifinya tundu la lenzi hadi mwisho ili wa mbele na wa nyuma wote wawe safi. Kisha nikatia filamu, na mnajua kwamba kamera ile ukishatia filamu huoni tena kitu, unabaki kutazama kwa macho yako na kuomba.

Nilingoja jua likinichoma utosi. Kwa kungoja kazi hii inafanana na uvuvi, ila mvuvi haulizwi kila dakika anachofanya. Memsahibu aliinuka, akaketi, akapanguza pua. Bwana Darubini alizunguka ng'ombe. Mwisho, memsahibu akainama kunusa waridi, amefumba macho, midomo mbele. Na kule zizini Bwana Darubini akainama kuwasha kiko chake. Nikabonyeza.

Chumba cha giza mchana na usiku ni mamoja, kwa hiyo jioni haikufika kabla hatujaiona. Mama Ratna ndiye aliyeitikisa. Uso wa memsahibu ulitokea, kisha pua ya Bwana Darubini ikatokea, imegusana kabisa na shavu lake. Mama Ratna, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, aliketi chini sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu. Tuliikuza ukubwa uleule. Nikaibandika kwenye ubao, nikaandika chini yake, kwa Kiingereza changu cha misheni, kwamba hii ni familia ya Kizungu yenye furaha.

Ijumaa asubuhi, hema lilipofunguliwa tu, niliitundika pembeni ya ile nyingine, nikasimama hapohapo. Sikutaka mtu aseme niliificha nikakimbia.

Waafrika waliingia kwanza. Walitazama ya kulia, wakatazama ya kushoto, na mmoja akatoka kwenda kuwaita wenzake. Hema lilijaa watu na kicheko. Kisha wakaingia wazungu, na kicheko kikakatika. Mwenyekiti aliisoma picha ile kwa muda, rangi inampanda kutoka shingoni. Akauliza ni nani aliyeipiga. Nikasema ni mimi, Nabwire, wa studio. Bwana Darubini akaanza kupiga kelele kwamba ni uongo, kwamba yeye alikuwa na ng'ombe, kwamba hajawahi kumsogelea memsahibu huyo.

"Kamera haisemi uongo, bwana," nikamwambia. "Umenifundisha wewe."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwenyekiti aliamuru askari aiondoe picha yangu anikamate. Aliyeniokoa ni memsahibu. Alikuja akasimama mbele ya zote mbili, na nikaona anahesabu maua kwenye picha, anatafuta zizi. Kisha akamgeukia Bwana Darubini akamuuliza yule mama wa Kiafrika alikuwa wapi hasa siku ile. Yule bwana akasema ghalani, au mahali fulani huko nyuma, hakumbuki. Memsahibu akamwambia mumewe zote mbili zishuke, sasa hivi.

Walitaka na filamu yangu. Nikasema nitaitoa, filamu kwa filamu. Mwenyekiti alisema mimi si mtu wa kuweka masharti. Nikasema basi, nina karatasi nyingi studio, na Busia Jumatatu ni siku ya soko. Bwana Darubini alikuwa na filamu zake kwenye mkoba wa ngozi, zile pana, kila picha kama kiganja cha mtoto. Aliichana picha yake kubwa kwa hasira, akaikata ile filamu kwa mkasi kutoka kwenye mkanda wake, akanitupia. Nikaiokota. Na yangu nikampa memsahibu mkononi mwake, si kwa mwanamume yeyote.

Hakuna ushindi wa bure. Kabla ya saa sita Bwana Lalji alikuwa ameshaambiwa kwamba picha za pasi na za polisi zitapelekwa kwa mtu mwingine mpaka awe na wafanyakazi wenye adabu. Alinifukuza, na hata leo simlaumu sana, alikuwa na watoto. Mama Ratna hakunitetea. Alinifungia nguo zangu kwenye kikapu mwenyewe, na kikapu kilikuwa kizito kupita nguo. Nilipofungua njiani nilikuta lenzi ndefu imelala ndani, kwenye flana yake, na kamera kuukuu iliyokuwa stoo, pamoja na miguu yake, imefungwa kwenye sketi yangu. Miaka yote niliyofanya kazi peke yangu baada ya hapo ilitoka kwenye kikapu hicho.

Lakini safari ilikuwa haijaisha, maana wazee wa Mulanda walikuwa hawajakaa. Kwa karatasi na dawa zilizokuwamo pia kikapuni nilitengeneza picha moja ndogo kutoka kwenye ile filamu, nikaenda. Walikuwa wameketi kivulini mwa nyumba ya Mzee Owor, baba yake Ochwo. Athieno alikuwa mlangoni kwake, kichwa chini. Nilipoanza kueleza, mzee mmoja akasema mwanamke akiongea na wazee hukaa chini. Nikamjibu kwamba kamera yangu ina miguu mitatu na yote imesimama, kwa hiyo mimi nitasimama nayo. Ochwo, kijana mzuri, aligeuka kando kuficha mdomo.

Nilimwomba Mzee Owor akubali kwenda kusimama kule chini karibu na kisima. Fahali wake nilimwacha amefungwa mwisho wa shamba, mbali naye kabisa. Nikapanda na kamera mpaka juu ya mteremko, nikatia lenzi ndefu, nikawaita wazee mmoja mmoja waingize kichwa chini ya kitambaa. Wa kwanza alilalamika kwamba mzee na ng'ombe wamesimama kwa vichwa. Nikamwambia asahau vichwa, aangalie wako karibu kiasi gani. Kisha nikasikia sauti yake kutoka ndani ya kitambaa, inasema kwamba fahali anamlamba Owor shingo. Wote walitaka kuona. Mzee Owor mwenyewe alipanda anahema, akadai zamu yake, akamtuma mwenzake akasimame kisimani. Alikaa ndani ya kile kitambaa muda mrefu kuliko wote.

Alipotoka alijifuta uso. "Yule mama alikuwa kwake," akasema. "Mwenye makosa ni hili sanduku."

Wakakubaliana Athieno abaki. Ila walisema neno moja, na mimi nililiona la haki: ile picha na filamu yake visikae vizima katika nchi hii, hao watu wawili wasibaki mahali pamoja. Wote tulielewa kwamba itachomwa, na kwamba aliyeaibishwa ndiye mwenye haki ya kuichoma.

Nilifika Paya nikabisha hodi. Mama Athieno alifungua mlango kidogo tu. Alikuwa amekonda, na ndani mlikuwa na giza kuliko chumba changu cha kazi. Nilimweleza ya maonyesho na ya Mulanda. Alivuta jiko la mkaa akalipuliza. Nikamwekea mbele yake picha ndogo na filamu.

Hakuwa ameiona hata mara moja. Aliambiwa tu. Aliweka kiganja juu ya upande wa Ochwo, akaufunika wote, ndipo akatazama. Mkaa ulishika, ukawa mwekundu, na yeye bado anatazama. Nikadhani hajaelewa, nikamwambia, mama, ni wewe huyo.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Alikuwa anacheka hivi. Mimi sijawahi kujiona nikicheka."

Mama yake alikuwa amekufa zamani, kabla ya kamera yoyote kupita Paya. Nilimwacha. Alilia kidogo, akajipangusa kwa kitambaa cha kichwani, halafu akalisukuma lile jiko kwa mguu mpaka ukutani.

"Wamenifunga ndani kwa ajili ya kucheka. Sasa nicheke halafu nijichome mwenyewe? Sichomi. Kata."

Nilitoa wembe wa kazi. Yeye alishikilia kiganja chake palepale, mimi nikapitisha wembe kando ya kidole chake, kwenye karatasi kwanza, kisha kwenye filamu. Nusu ya Ochwo, na fahali wake na pembe zote mbili, niliifunga kwenye kitambaa kuipeleka Mulanda. Nusu yake mwenyewe aliichomeka ukutani, juu ya mlango, akiwa anacheka na mtu ambaye hayupo.

Kisha akafungua mlango wote, jua likaingia. Akajifunga gomesi, akachukua kikapu, akaniuliza Ochwo leo ameshinda shambani au nyumbani, ili ajue apite njia gani kwenda kwa binti yake.